Waraka kwa Wanachama: Tuzuie Joto Kabla ya Kulipia Baridi

KWA: Wanachama wote wenye maduka, bucha, hoteli, loji, baa, famasi na stoo za baridi, Busia pande zote mbili, Malaba na Tororo

KUTOKA: Katibu

KUHUSU: Yuniti za stima zinazoliwa na friji, friza, viyoyozi na maji moto





Vikao vyetu vina mazoea. Tunaanza na ushuru, tunaingia kwenye usafi wa soko, na kabla ya chai kufika tuko kwenye stima. Mwenye bucha wa Marachi, upande wa Kenya, analalamikia tokeni. Mwenye loji wa Sofia, upande wa Uganda, analalamikia Yaka, stima yao ya kulipia kabla. Wa Malaba na wa Tororo wanaongeza yao, tunakubaliana kwamba bei ni mbaya, kisha tunarudi nyumbani na bei inabaki pale pale. Waraka huu unawaomba tuiache bei kwa muda, tuhesabu yuniti.

Bei ya yuniti haipangwi Busia. Upande wa Kenya huidhinishwa na mdhibiti wa nishati, EPRA, upande wa Uganda na mdhibiti wa umeme, ERA. Tunaweza kupeleka maoni yetu huko, na ni haki yetu, lakini hakuna aliyewahi kupunguziwa kwa kubembeleza dirishani. Na hapa ujanja wetu wa mpakani haufui dafu. Sukari ikishuka upande ule, jioni imeshafika upande huu. Vivyo hivyo mayai, mahindi na maziwa. Stima haibebwi na boda boda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu miaka hiyo ya 1950 umeme wake umepita Tororo kwenye nyaya kubwa kwenda Kenya, lakini biashara hiyo ni ya mashirika makubwa. Mwenye duka hulipa bei ya upande alipofungiwa mita. Hata shirika la UEDCL lilipochukua usambazaji wa stima kutoka kwa kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa kampuni hiyo wa miaka 20 kuisha, wenzetu wa Uganda hawakupata meza ya kujadiliana bei. Kilichobaki mikononi mwetu ni idadi ya yuniti, na katika biashara kama zetu nyingi ya hizo huenda kwenye kupoza na kupasha.

1. Tunacholipia

Kuna jambo ambalo mafundi wetu wanalijua na wateja hawaambiwi: friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani na kulimwaga nje, ndiyo maana mgongo wake huwa moto. Kiyoyozi nacho hutoa joto chumbani na kulitupa barabarani. Kikiwa kizuri, kwa kila yuniti moja ya stima huhamisha takriban yuniti tatu za joto. Kwa hiyo joto lolote tunaloliruhusu kuingia, liwe la paa, la mlango ulioachwa wazi au la sufuria ya supu iliyotoka jikoni, tunalipia kulitoa. Mwenye mtumbwi unaovuja akinunua ndoo kubwa zaidi ya kukombea maji hajaziba tundu, ameongeza tu kazi ya mkono. Sisi tunanunua ndoo kila mwaka.

Kwa sababu hiyo kazi inapangwa hatua tatu, na mpangilio wake una maana. Kwanza, kuzuia joto lisiingie. Pili, kuitunza mashine iliyopo. Tatu, na mwisho kabisa, kununua mpya. Wengi wetu huanza na ya tatu, tena kwa mkopo.

2. Paa, ukuta na taa

Busia iko karibu nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, na Tororo imesogea kidogo tu mbele yake. Jua letu la mchana halikai mbali na utosi mwezi wowote wa mwaka. Kwa hiyo kinachopigwa zaidi ni paa. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, kila mita mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 za jua. Duka la mita 5 kwa 8 lina mita mraba 40, yaani kilowati 40. Sasa linganisha: kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho wauzaji hukiita cha nguvu farasi moja na nusu, huondoa joto la kilowati 3.5 hivi. Si joto lote la paa linaloshuka ndani, kwa maana upepo huchukua lake na mabati hurudisha sehemu angani. Lakini mabati yaliyoshika kutu hulinywa jua kwa wingi, na pasipo dari, kichwa cha muuzaji ndicho dari.

Dawa ya kwanza ni rangi nyeupe ya mabati. Paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujageuka joto. Dawa ya pili ni dari yenye nafasi ya hewa juu yake, na matundu pande mbili za nafasi hiyo ili hewa moto itoke. Bila matundu, dari huwa jiko lililofunikwa, na joto lake hushuka taratibu hadi usiku. Kazi zote mbili hufanywa na mafundi wa mtaani, na hazihitaji stima hata kidogo.

Kuta nazo hazilingani. Za kaskazini na kusini hupata jua kidogo kwetu. Za mashariki na magharibi ndizo huungua, hasa ya magharibi, kwa kuwa jua la saa tisa hulikuta jengo likiwa tayari limepata moto. Maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi mjini Tororo yana baraza pana mbele, kivuli kikitangulia ukuta. Siku hizi tunajenga kinyume chake: ghorofa la vioo vya buluu vinavyotazama magharibi, halafu viyoyozi vinaning'inia nyuma vikipambana na vioo vyetu wenyewe. Anayejenga mwaka huu amwombe fundi mambo matatu: madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, baraza au vizuizi vya jua upande wa magharibi, na matundu ya hewa juu ya kuta.

Matundu hayo ya juu yana faida yake hapa kwetu. Tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku hewa hupoa. Jengo linalofungwa kabisa saa mbili usiku hulala na joto la mchana na kuamka nalo. Jengo lenye matundu ya juu, yaliyowekewa vyuma vya kuzuia wezi na wavu wa kuzuia mbu, hubadilisha hewa usiku kucha, na asubuhi ukuta wake ni baridi. Mjini Harare kuna jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililokamilika mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alitazama jinsi vichuguu vya mchwa vinavyopumua, akaliacha jengo bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi: hewa ya usiku hupoza zege, na zege hupoza watu mchana. Kwetu hakuna aliyekua bila kula kumbikumbi, na vichuguu tunavyo hadi nyuma ya maduka. Karibu zaidi, ofisi mpya za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, zilizofunguliwa Machi 2011, zilijengwa zipate hewa kwa nafasi wazi za katikati badala ya viyoyozi, na juu ya paa zikawekwa paneli za jua. Nairobi na Harare ziko juu kuliko sisi na zina ubaridi zaidi, kwa hiyo hatutanakili kila kitu. Tutachukua lile la kuutumia usiku.

Taa zisisahaulike. Balbu za zamani za wati 60 hutoa karibu nguvu zake zote kama joto. Ukiwa na kumi dukani, umewasha hita ya wati 600 mchana kutwa, na kama una kiyoyozi, kinatumia wati nyingine 200 hivi kulitoa joto hilo. Balbu za LED za wati 9 hutoa mwanga ule ule. Hapa unaokoa mara mbili kwa kununua mara moja.

3. Friji na friza

Ukipita barabara kuu mchana utaona friza zimepangwa nje juani ili mpita njia aone soda. Tunaelewa sababu, biashara ni kuonekana. Lakini friza ya juani hupokea joto mgongoni na hapo hapo huombwa kutupa joto lake kwenye hewa moto. Isogezwe kivulini, hata kama ni mita mbili tu chini ya baraza, na nafasi yake ichukuliwe na kreti tupu au bango.

Mambo yafuatayo kila mmoja anaweza kuyafanya wiki hii:

(a) Jaribu raba ya mlango. Bana noti kati ya mlango na friji, funga, vuta. Noti ikitoka bila kushikwa, hapo baridi inavuja. Zunguka pande zote nne. Raba mpya ni rahisi kuliko kompresa mpya.

(b) Acha nafasi ya kiganja kati ya mgongo wa friji na ukuta, na usipange magunia juu yake. Joto linalotoka lisipopata njia, mota haipumziki.

(c) Safisha waya au mapezi ya nyuma kwa brashi kavu, stima ikiwa imezimwa kwenye soketi. Vumbi la barabara yetu, na lile la malori, hujaa humo na kuwa blanketi.

(d) Yeyusha barafu kabla haijanenepa. Barafu iliyoganda ukutani mwa friza huzuia baridi isifikie bidhaa. Usiitoboe kwa kisu. Bomba likitoboka gesi yote imekwenda.

(e) Usiweke kitu cha moto. Supu, maziwa yaliyochemshwa na maharagwe yapoe kwanza kivulini, kwenye beseni la maji baridi ikiwezekana ili yapoe haraka. Kreti za soda zilizoshuka kwenye lori la moto zilale usiku mmoja ndani ya duka kabla ya kuingia friji. Samaki wa Majanji au Sio Port waliofika na barafu waingizwe mara moja, wasikae mezani hadi baridi yao iishe.

(f) Friji iwe kati ya digrii 3 na 5, friza digrii 18 chini ya sifuri. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ni bei ya soda chache, na kitakuonyesha kama kitufe kimezungushwa hadi mwisho bila sababu.

Tupige hesabu ya mfano. Friza yenye mota ya wati 150, ikiwa na afya, huwaka na kuzima, tuseme jumla ya saa 8 kwa siku. Hiyo ni yuniti 1.2. Friza hiyo hiyo, raba imechoka, mgongo umejaa vumbi na jua liko juu yake, mota inaweza kufika saa 18. Hiyo ni yuniti 2.7. Tofauti ni yuniti 1.5 kwa siku, yuniti 45 kwa mwezi wa siku 30. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye bili yako, kisha kwa idadi ya friza zako. Ndipo ujue kama raba ni ghali.

Nafasi tupu ndani ya friza ijazwe na chupa za maji. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilojuli 334 za joto, kwa hiyo lita 10 zilizoganda humeza joto la karibu yuniti moja nzima kabla hazijawa maji. Stima ikikatika mchana, chupa hizo ndizo zitakazoshikilia nyama wakati unamtafuta mwenye jenereta.

Kuhusu friji za milango ya vioo zinazoletwa na kampuni za vinywaji: friji ni ya kampuni, lakini mita ni yako. Soda na maji haviharibiki vikikosa baridi saa chache. Friji yenye vinywaji hivyo peke yake inaweza kuzimwa ukifunga duka na kuwashwa saa mbili kabla ya wateja, au ifungiwe saa ya soketi inayojizima yenyewe. Friji yenye maziwa, nyama, samaki au dawa haihusiki na ruhusa hii.

4. Viyoyozi

Kosa linaloonekana kwenye ofisi nyingi ni rimoti kuwekwa digrii 16. Kiyoyozi cha kawaida hakipozi haraka zaidi ukikiwekea 16, kinachobadilika ni kwamba hakifiki, na kwa hiyo hakizimi. India iliona hasara hiyo kiasi kwamba tangu Januari 2020 viyoyozi vya vyumbani hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa 24, na ofisi yao ya matumizi bora ya nishati ilikadiria kwamba kila digrii moja unayopandisha huokoa karibu asilimia 6 ya stima. Tuweke 24 hadi 26, tuongeze feni. Feni ya darini hutumia wati 75 hivi, kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia kama wati 1,100. Feni haipozi chumba, hupoza ngozi ya mtu, kwa hiyo izimwe chumba kikiwa kitupu.

Vichujio vya ndani vitolewe na kuoshwa kila mwezi, na kila wiki mbili wakati wa kiangazi, vumbi linapozidi. Kifaa cha nje kisifungiwe mahali pasipo na hewa, wala viwili visitazamane kimoja kikimpulizia mwenzake joto. Mlango wa ofisi yenye kiyoyozi ujifunge wenyewe kwa springi. Na kabla ya kununua, usikubali kuuziwa kikubwa kuliko chumba. Kikubwa mno hupoza dakika chache, huzima, huwaka tena, na kila kuwaka huchosha mota huku unyevu ukibaki chumbani. Vile vya inverta, vinavyopunguza mwendo badala ya kuzima kabisa, ni ghali zaidi dukani, lakini hufaa panapokaliwa saa nyingi kila siku. Chumba cha mikutano kinachotumika mara moja kwa wiki hakihitaji.

5. Maji moto ya loji na hoteli

Kupasha lita 100 za maji kutoka digrii 20 hadi 50 huhitaji yuniti 3.5 hivi. Hakuna mashine ya umeme ya kawaida itakayopunguza hesabu hiyo, unachoweza ni kupunguza maji, kupunguza moto, au kumpa jua kazi. Shawa ya papo hapo ya kilowati 5 hula yuniti 0.8 kwa mgeni anayeoga dakika kumi. Kichwa cha shawa chenye matundu madogo hupunguza maji bila mgeni kulalamika. Tangi la moto livishwe blanketi ya kuzuia joto, na mabomba yake pia, kwani tangi lisilovishwa hupasha hewa ya stoo usiku kucha. Loji ya vyumba vingi ifikirie tangi la jua juu ya paa. Jua tunalo: Tororo kuna shamba la paneli za jua la megawati 10 lililoanza kazi mwaka 2017, na waliolijenga hawakuja kwa ajili ya mandhari ya Mwamba wa Tororo.

6. Mashine kuukuu na gesi

Friji za mitumba hufika hapa kwa bei inayovutia. Tazama mambo mawili kabla ya kutoa pesa: yuniti inazokula na gesi iliyomo. Upande wa Kenya, kanuni za mwaka 2016 zinataka friji na viyoyozi viwe na lebo ya nyota, moja hadi tano, na nyota nyingi ni matumizi madogo. Upande wa Uganda, soma kilowati-saa zilizoandikwa kwenye lebo ya kiwanda. Muuzaji akikosa vyote viwili, bei yake ya chini ina deni ndani yake. Ghana iliwahi kuwa soko kubwa la friji kuukuu kutoka Ulaya, ikatunga sheria mwaka 2008 na kuanza kuzizuia bandarini Januari 2013, kwa sababu friji hizo zilikuwa zikila stima nyingi ya nchi.

Gesi nayo ina sheria. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuziondoa gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na mwaka 2016 nchi zikakutana Kigali, mji ambao mabasi yanayopita hapa huandika ubavuni, zikaongeza kwenye orodha ya kuondolewa gesi zinazopasha dunia. Kilo moja ya R-22, iliyomo kwenye viyoyozi vingi vya zamani, ikivuja hupasha dunia sawa na takriban kilo 1,800 za hewa ya ukaa. Nchi kama zetu zinatakiwa kuwa zimeiacha karibu yote ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine zilizopo. Anayenunua leo kiyoyozi cha R-22 ananunua mashine ambayo gesi yake itaadimika akiwa bado analipa mkopo. Friji nyingi mpya hutumia R-600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana lakini inashika moto. Fundi asiichomee friji hiyo kwa gesi ya moto kabla ya kuitoa R-600a yote, na asifanye kazi hiyo chumba kimefungwa.

Fundi anayekuja kuongeza gesi kila baada ya miezi michache hatibu kitu. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya pikipiki. Ikipungua kuna tundu, na kazi ya fundi ni kulitafuta. Tumlipe kwa kuziba.

7. Saa na volteji

Wenzetu wa Uganda wenye mita za biashara zinazotoza kwa saa wajue kwamba bei hupanda kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, na ya chini kabisa ni saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kugandisha barafu na kushusha baridi ya stoo kufanywe kwenye saa hizo za chini, kisha mashine ipumzike jioni. Upande wa Kenya, wateja wakubwa wa biashara nao wana bei nafuu ya usiku, kwa hiyo mwenye stoo kubwa aulize kama anastahili kabla ya mwezi ujao.

Volteji yetu inapoyumba jioni, kompresa ndiyo huungua kwanza. Kila friji na friza iwe na kilinda friji kinachochelewesha kuwaka dakika chache stima inaporudi, ili mota isianze kwa kishindo volteji ikiwa chini.

8. Pasipobanwa

Kuokoa stima kusimguse mgonjwa wala mlaji. Chanjo na dawa zinazohitaji baridi zikae digrii 2 hadi 8 saa zote, na famasi ziandike joto asubuhi na jioni kama zilivyoagizwa. Nyama na samaki wasiachwe kwenye friji iliyozimwa usiku. Mwanachama atakayeuza kitu kilichoharibika kisha akasema alikuwa anafuata waraka huu, waraka huu haumtambui.

9. "Lakini nyumba si yangu"

Hili ndilo jibu tutakalolisikia zaidi, na lina ukweli. Mpangaji analipa stima, mwenye nyumba anamiliki paa, na kila mmoja anasubiri mwenzake. Wapangaji waanze na vile wanavyoweza kuvihamisha: friji, raba, balbu, feni. Wenye nyumba, ambao wengi wao nao ni wanachama, tunawaomba wapake paa rangi nyeupe na kuweka matundu kabla ya kupandisha kodi. Pale ambapo mpangaji amegharamia, iandikwe kwenye mkataba kwamba gharama itakatwa kidogo kidogo kwenye kodi. Jengo lililo baridi halikosi mpangaji.

10. Tunayoyaomba kwa kila mwanachama

Kwanza, daftari la mita. Kwa wiki nne, andika namba ya mita ukifunga duka na ukifungua. Mwenye tokeni au Yaka aandike yuniti zilizobaki, na asisahau kuandika anaponunua nyingine. Namba ya usiku ndiyo tunayoitaka sana. Taa zimezimwa, wateja hawapo, kwa hiyo kilicholiwa usiku kimeliwa na friji na friza, na kama kuna kitu kingine, nacho utakigundua.

Pili, kila mtaa uchague fundi mmoja wa friji na kumpa kazi ya pamoja: kusafisha, kukagua raba, kutafuta tundu la gesi, kwa bei iliyokubaliwa na wote. Fundi mwenye wateja thelathini mtaa mmoja hana haja ya kumtoza mmoja wao kama thelathini.

Tatu, wenye mabati watakaopaka rangi wajiandikishe kwa pamoja, tununue kwa ndoo kubwa na kwa bei ya jumla.

Nne, mwanachama yeyote akitaka kununua friji, friza au kiyoyozi, asinunue kabla hajasoma lebo ya yuniti na aina ya gesi, na asione aibu kumleta fundi dukani.

Tano, wale wachache upande wa Kenya ambao majengo yao yanatumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka, yaani wastani wa 15,000 kwa mwezi, wakumbuke kwamba kanuni za mwaka 2012 zinawataka wafanye ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu. Umoja wa wenye viwanda wa Kenya, KAM, una kituo kinachofanya ukaguzi huo, na ni heri kumwita mkaguzi kuliko kumsubiri.

Katika kikao kijacho hatutafungua mjadala wa bei ya stima. Ajenda ya kwanza itakuwa kusoma madaftari, mtaa kwa mtaa, na asiye na daftari ataketi asikilize. Tukishajua kila mmoja analipa yuniti ngapi usiku akiwa amelala, ndipo tutaandika barua kwa EPRA na ERA kuhusu bei, tukiwa na hesabu mkononi.

Wenu katika kazi,

Katibu, kwa niaba ya kamati